Msichana wa Kuchorwa katika Msitu wa Kweli: Safari ya Yoram Gross

Msichana mdogo anakimbia msituni. Ni wa kuchorwa, mistari ya wino na rangi kidogo, lakini msitu wenyewe ni wa kweli. Magome ya mikaratusi yananing'inia kwenye mashina, mwanga unapenya kati ya majani, maji yanateremka juu ya mawe. Mikaratusi hiyo ni jamaa ya ile tuliyoizoea Afrika Mashariki, tunayoipanda mipakani mwa mashamba kwa ajili ya nguzo na kuni. Kwetu ni mti mgeni; pale uko kwao. Filamu hiyo ni Dot and the Kangaroo, iliyotoka mwaka 1977, na mandhari yake yalipigwa picha katika eneo la Jenolan Caves, magharibi ya jiji la Sydney. Aliyeitengeneza alikuwa ameishi Australia kwa miaka tisa tu.

Yoram Gross alizaliwa Kraków, Poland, tarehe 18 Oktoba 1926, katika familia ya Kiyahudi. Majeshi ya Ujerumani yalipoingia mjini humo mwanzoni mwa Septemba 1939, alikuwa hajatimiza miaka 13. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kujificha. Kwa masimulizi yake mwenyewe, familia yao ilikuwa katika orodha ya Oskar Schindler, lakini ikachagua kujinusuru kwa njia yake, na ikahama maficho mara 72. Idadi hiyo si ya kupita juu juu. Mtoto anayehama maficho mara 72 hujifunza kila pahali upya: mlango uko wapi, nani jirani, sauti gani ni ya hatari, mti gani unaweza kumsitiri mtu. Siwezi kuzitazama filamu zake bila kumkumbuka mtoto huyo.

Baada ya vita alisoma muziki, kisha mwaka 1947 akaingia kwenye sinema, akiwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Jerzy Toeplitz, mwalimu mkubwa wa filamu nchini Poland. Alianza kama msaidizi wa waongozaji Eugeniusz Cękalski na Leonard Buczkowski, na akafanya kazi pia na Mholanzi Joris Ivens. Kaka yake, Natan Gross, naye alikuwa mwongozaji. Natan ndiye aliyeongoza Unzere Kinder, filamu ya mwaka 1948 kwa lugha ya Kiyidi, yenye maana ya "Watoto Wetu", kuhusu mayatima walionusurika mauaji ya Wayahudi. Suala la mtoto aliyebaki peke yake lilikuwa limeingia katika familia hiyo kabla Yoram hajachora katuni hata moja.

Mwaka 1950 alihamia Israeli, akafanya kazi ya mpiga picha wa habari na filamu za hali halisi. Nadhani ni katika kazi hii alikojenga tabia ya kuliamini jicho la kamera mbele ya ardhi yenyewe. Kisha akaanza kutengeneza filamu zake. Mwaka 1962 alitoa Joseph the Dreamer, filamu ndefu ya kwanza ya uhuishaji nchini Israeli, akitumia vikaragosi vilivyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha fremu baada ya fremu. Kisa alichokichagua msomaji anakijua, awe amekipata katika Kurani au katika Biblia: Yusufu, mwana aliyetupwa shimoni na ndugu zake, akauzwa, akafika nchi ya watu na huko akawa mtu wa kutegemewa. Miaka miwili baadaye alitoa kichekesho cha One Pound Only, kilichojaza majumba ya sinema. Angeweza kutulia pale. Mwaka 1968 alifungasha tena, yeye na mkewe Sandra na watoto wao, wakaenda Sydney.

Kazi za mwanzo huko zilikuwa za kutafuta riziki: filamu fupi za kusindikiza nyimbo katika kipindi cha televisheni cha Bandstand, na majaribio ya sanaa ambayo leo yanatazamwa na wachache. Sinema ya Australia yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inaamka, serikali ikianza kuitafutia fedha. Mwaka 1973 shule ya taifa ya filamu na televisheni ilipoanzishwa, mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Jerzy Toeplitz, yule yule mwalimu wa Poland, ambaye alikuwa ameondolewa kwenye shule ya Łódź mwaka 1968. Mwalimu na mwanafunzi wake, wote wawili wametoka mbali, wakajikuta wanajenga sinema ya nchi moja.

Kuhusu Dot lazima nikae kidogo. Filamu ya sinema hupita fremu 24 kwa sekunde, yaani 1,440 kwa dakika. Katika katuni za kawaida, mchoraji hupaka rangi mandhari moja na kuitumia kwa fremu nyingi, huku wahusika pekee wakichorwa upya juu ya karatasi angavu za plastiki. Gross aliitoa ile mandhari ya kupaka rangi, akaweka filamu halisi ya msitu. Upepo ukivuma, majani hutikisika yenyewe. Lakini wachoraji wake walitwikwa mzigo: msitu uliokwisha kupigwa picha haubadiliki. Mguu wa msichana ulipaswa kukanyaga jiwe lilipo, na mwanga wake ulipaswa kuufuata mwanga wa jua la siku ile. Kuna mahali anaonekana kama anaelea, na jicho linaiona ile mishono. Bado naipenda njia hiyo kuliko unadhifu wa studio kubwa za Marekani. Mtoto wa Sydney alikuwa amezoea katuni zilizojaa misitu isiyo ya popote. Hapa aliwekewa mbele yake mti ulio nyuma ya nyumba yao, na kuambiwa kwamba hadithi inaweza kutokea hapo.

Kisa chenyewe kilitoka katika kitabu cha Ethel Pedley cha mwaka 1899. Dot anapotea porini. Kangaruu jike, aliyempoteza mtoto wake, anamkuta, anamlisha mizizi inayomfanya aelewe lugha ya wanyama, kisha anamtia katika mfuko wake wa tumboni na kumtafutia njia ya kurudi. Katika kitabu, kangaruu naye anampata mwanawe mwishoni. Gross hakumrudisha. Msichana anafika kwa wazazi wake, na kangaruu anarudi porini mikono mitupu huku Dot akilia. Ni mwisho mgumu kwa filamu ya watoto wadogo, na waliouona utotoni hawausahau. Mtu aliyepitia Kraków ya vita alijua kwamba si kila anayetafutwa hupatikana, na hakutaka kuwaficha watoto jambo hilo. Filamu ya pili, Around the World with Dot ya mwaka 1981, imejengwa juu ya safari ya kumtafuta yule mwana aliyepotea.

Pedley mwenyewe alizaliwa Uingereza. Dorothy Wall, aliyemuumba koala mtundu Blinky Bill katika kitabu cha mwaka 1933, alizaliwa New Zealand. Ukimweka Gross kando yao, utaona kwamba hadithi ambazo Waaustralia wanaziona kuwa za kwao kabisa zilitungwa na kupelekwa kwenye skrini na watu waliozaliwa kwingine. Na chini ya hadithi hizo kuna nyingine za kale zaidi. Zimwi la majini linalomtisha Dot, Bunyip, limetoka katika masimulizi ya Waaborijini, na katika sehemu hiyo ya filamu Gross aliiga michoro yao ya kwenye miamba. Ni dakika chache zenye nguvu kuliko nyingine zote. Hata hivyo, wenye masimulizi wanapita tu kama picha; kisa si chao. Hilo ni pengo, na sioni sababu ya kulifunika.

Alikuwa amezaliwa nje, basi aliwaona wageni wengine. Katika The Camel Boy ya mwaka 1984, kijana Ali anavuka jangwa la Australia pamoja na babu yake, wote wakiwa waongoza ngamia. Historia iko nyuma yao: kuanzia miaka ya 1860 wanaume kutoka sehemu ambazo leo ni Afghanistan, Pakistan na India waliletwa na ngamia wao kubeba mizigo katikati ya bara hilo. Walijenga misikiti, wakaoa, na kwa muda mrefu wakabaguliwa. Miaka miwili kabla, katika Sarah, Gross alikuwa ameirudia vita yenyewe: msichana anayejificha msituni Ulaya baada ya familia yake kuchukuliwa, kwa sauti ya Mia Farrow. Msitu wa Sarah na msitu wa Dot, kwangu, ni msitu mmoja.

Muongo huo ulikuwa wa shughuli nyingi. Sheria ya kodi ya mwaka 1981, iliyojulikana kama 10BA, iliwaruhusu wawekezaji kukata asilimia 150 ya fedha walizotia kwenye filamu za Australia, na studio ya Gross ikafyatua Dot baada ya Dot: na sungura, na koala, na nyangumi, hadi Hollywood. Zilifika tisa, ya mwisho, Dot in Space, ikitoka mwaka 1994. Baadhi zinaonyesha haraka iliyozizaa, na hakuna inayoifikia ya kwanza.

Blinky Bill ndiye aliyemwingiza katika nyumba za watu. Filamu yake ya mwaka 1992 inaanza kwa miti kuanguka: wakata miti wanafika, msitu unasambaratika, wanyama wanatawanyika, na koala mdogo anamtafuta mama yake. Mwaka 1993 ukafuata mfululizo wa televisheni wa vipindi 26 katika shirika la utangazaji la taifa, ABC. Televisheni ina mahitaji mengine. Kipindi kinachorudi mara kwa mara hakiwezi kuwaacha watoto wakilia, kwa hiyo wanyama walipewa mji wao, Greenpatch, shule na ugomvi mdogo mdogo wa majirani. Lakini mji huo ni wa waliofukuzwa kwao, waliojenga upya, na utundu wa Blinky unatokea ndani ya ulinzi huo. Muziki ulitungwa na Guy Gross, mwana wa Yoram. Baadaye ikaja Tabaluga, joka dogo la kijani la mwanamuziki wa Ujerumani Peter Maffay, ambaye naye alizaliwa Romania na kuhamia Ujerumani Magharibi akiwa kijana. Mwaka 1999 kampuni ya Kijerumani ya EM.TV ikanunua nusu ya studio.

Alitunukiwa nishani ya Order of Australia mwaka 1995. Studio aliyoianzisha ilikuja kuitwa Flying Bark Productions, na tarehe 17 Septemba 2015 filamu yake mpya ya Blinky Bill ilifunguliwa katika majumba ya sinema ya Australia. Siku nne baadaye Yoram Gross alifariki Sydney, akiwa na umri wa miaka 88. Katika filamu hiyo msitu wote umetengenezwa kwa kompyuta, hakuna jani lililopigwa picha. Koala anaondoka mjini kwao, anaingia nyikani, kumtafuta baba yake aliyepotea.