LION KING: KUMBE HATA MFALME HUOGOPA

Wengi tunaijua Lion King kwa ile Hakuna Matata tu. Leo naileta kwa ajili ya sie wa Hanang na Mbulu tunaolea watoto wenye hofu.

KWA UFUPI: Ni katuni ya Disney ya mwaka 1994, waongozaji Roger Allers na Rob Minkoff. Ilibeba Oscar 2, zote za muziki. Ile sauti ya mwanzo kabisa si Kiswahili, ni Kizulu, kazi ya Lebo M. Kiswahili kipo kwenye majina: Simba, Rafiki, Pumbaa, hata fisi mmoja anaitwa Shenzi! Mwaka 2019 ilitengenezwa upya na Jon Favreau.

HADITHI: Mufasa anakufa korongoni akimwokoa mwanae Simba kwenye kundi la nyumbu wanaokimbia. Scar, baba mdogo, ndiye aliyepanga yote, lakini anamwambia mtoto kosa ni lake. Simba anakimbia, anakulia mbali. Anachoogopa ni kurudi nyumbani.

Huku kwetu ushujaa una historia yake. Zamani kwa Wadatoga kijana aliyeua simba alitunzwa ng'ombe na ndugu zake. Siku hizi ukimuua bila kibali ni kesi. Ila fikra imebaki: mwanaume haogopi. Mtoto akilia tunamwambia nyamaza, wewe si dume?

Desemba 3, 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Mpwa wangu alimpoteza rafiki yake. Toka hapo mvua ikianza tu anaingia uvunguni. Siku moja akaniambia, anko, ningemwita alale kwetu angepona. Kumbe mtoto alikuwa amejibebesha kifo!

Nikatafuta Lion King, tukaangalia wote. Ile sehemu ya nyumbu inatisha, usimwache mtoto peke yake. Nilisimamisha pale Mufasa anapokiri kwa mwanae kwamba siku hiyo na yeye aliogopa, aliogopa kumpoteza. Mpwa wangu akashangaa, mfalme naye? Tulipofika mwisho, Scar anapokiri kwamba ndiye aliyemuua Mufasa, nikamwambia: umeona, halikuwa kosa la Simba. Na la rafiki yako si kosa lako.

Katuni si dawa, nisiwadanganye. Mvua iliyofuata bado aliogopa. Ila hakuingia uvunguni, alikuja kukaa pembeni yangu akauliza, anko, na wewe unaogopa? Nikamjibu ndiyo.

Wadau, nyie watoto wenu mnawaambiaje?

Mdau, Katesh