Palmer: Jina Lililotoka Yerusalemu



Wapendwa, Jumapili ya Matawi ikipita, wengi wetu huyahifadhi matawi nyuma ya msalaba ukutani mpaka yakauke. Lipo jina la ukoo la Kiingereza, Palmer, ambalo asili yake ni tawi kama hilo.

Chimbuko lake ni neno la Kilatini palma, yaani mtende, lililofika Uingereza kwa njia ya Kifaransa cha kale. Palmer ni mtu wa mtende. Katika Zama za Kati, aliyehiji Yerusalemu alirudi na jani la mtende, kama vile aliyehiji Compostela kwa Mtakatifu Yakobo alivyorudi na kombe la baharini. Jani lilikuwa ushahidi. Safari ilichukua miezi mingi, kwa miguu na kwa merikebu, na wapo waliofia njiani. Aliyerejea, majirani walimwita kwa tendo lake.

Majina ya ukoo yalikuwa bado machanga. Yalianza kushika polepole baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, na kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi za Kiingereza zilikwisha kuwa na jina la kurithi. Basi mtoto wa Palmer akaitwa Palmer, na mjukuu vilevile, hata kama hakuwahi kuvuka mto wa kijijini kwao. Alibeba heshima ya safari ambayo yeye hakuifunga. (Nasi tuliobatizwa tukiwa wachanga tusiharakishe kumcheka.)

Katika mji wa Ludlow, karibu na mpaka wa Wales, waamini walikuwa na chama cha Wapalmer tangu karne ya 13, chenye mapadre wa kuwaombea wanachama marehemu. Dirisha la vioo vya rangi katika kanisa la Mtakatifu Laurenti linasimulia hadithi yao, ambayo ni simulizi ya kale na si historia. Mfalme Edward Mwungamadini alimpa ombaomba pete yake, naye ombaomba alikuwa Mtakatifu Yohane Mwinjili. Baadaye mahujaji wawili walikutana na Yohane katika Nchi Takatifu, akawakabidhi pete wamrudishie mfalme, pamoja na habari kwamba kifo chake kimekaribia. Edward alifariki tarehe 5 Januari 1066.

Mwaka 1538 serikali ya Mfalme Henry wa Nane ilipiga vita hija, na kaburi la Mtakatifu Thomas Becket kule Canterbury likabomolewa. Chama cha Ludlow kilivunjwa mwaka 1551. Jina halikuguswa, nani angewafuatilia wakulima na waashi wote walioitwa Palmer? Leo wenye jina hilo ni maelfu, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, wanaoliandika benki na hospitalini bila kuwaza mtende. Na kule Ludlow, katika kile kioo, wale mahujaji wawili wangali wanapokea pete.