Umuvure na Pipa: Pombe Kali Inayolelewa na Mti

Kabla ya kreti za bia kuzoeleka Rwanda, pombe ya sherehe ilizaliwa ndani ya mti. Gogo nene lilichimbwa likawa chombo kirefu mfano wa mtumbwi, na Wanyarwanda wakakiita umuvure. Vyombo vya aina hiyo utavikuta pia Buganda na Kagera, ambako ndizi nazo hukamuliwa kwa ajili ya pombe.

Gogo hilo lilinijia akilini Gahanga, kusini mwa Kigali, kwenye njia ya kwenda Bugesera. Wengi wanapajua kwa uwanja wa kriketi uliofunguliwa Oktoba 2017. Rafiki yangu alikuwa amerudi safari na chupa ya bia nzito ya Kiskoti iliyolazwa kwenye pipa la mwaloni. Rangi yake ilikuwa kahawia iliyokolea. Ulitangulia utamu wa sukari guru, ukafuata ukavu wa mti, kisha joto likatulia kifuani. Mtu aliyewahi kuonja inkangaza halisi, pombe kali ya ndizi ya Wanyarwanda, hawezi kuiona ladha hiyo kuwa ngeni.

Inkangaza huanza kama urwagwa, yaani pombe ya ndizi ya kawaida. Ndizi za pombe hufukiwa kwenye shimo lililopashwa moto na kufunikwa kwa majani ya mgomba mpaka ziive. Humenywa, zikakandwa pamoja na nyasi ndani ya umuvure mpaka maji yatoke, kisha mtama uliokaangwa na kusagwa hutiwa humo. Mtama huleta hamira na ukakasi unaozuia utamu kupita kiasi. Umuvure nao hauanzi safari na mikono mitupu, maana ndani ya nyuzi za mti hubaki hamira ya mapishi yaliyopita. Pombe huchachuka siku chache tu, na isiponyweka mapema hugeuka siki.

Hapo ndipo asali inapofanya kazi yake. Ukiongeza asali unaongeza sukari, hamira ikila sukari hiyo inazidisha kileo, na kileo kikizidi vijidudu vya siki hupungukiwa nguvu. Hiyo ndiyo inkangaza, pombe iliyowekewa wakubwa na wageni wa heshima. Mwenye nyumba alionja kwanza mbele ya wageni, desturi inayoitwa gusogongera, ili wote waone kwamba chombo hakina sumu. Ndipo mrija ulipozunguka. Kampeni za usafi zimeupiga vita mrija wa pamoja, na kwa hilo sina ubishi.

Waskoti walifika kwenye ukali huohuo kwa kutumia shayiri. Katika karne ya 19 bia zao zilitambulishwa kwa bei ya pipa katika shilingi: 60, 80, mpaka zaidi ya 100, na kadiri bei ilivyopanda ndivyo bia ilivyokuwa nzito. Katika jumba la Traquair, kusini mwa Edinburgh, mwenye nyumba Peter Maxwell Stuart alifufua kiwanda cha kale mwaka 1965, na bia ya hapo, yenye kileo cha asilimia 7.2, bado huchachukia ndani ya vyombo vya mwaloni.

Pipa la wiski, ambamo bia nzito pia hulazwa, lina hadithi yake. Sheria ya Marekani inataka wiski ya bourbon ikomazwe katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, kwa hiyo pipa lililokwisha tumika huuzwa, na mengi huishia Scotland. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya William Grant & Sons iliagiza bia ya kulowekea mapipa yake ili wiski ipate ladha ya bia. Bia yenyewe ilikuwa imwagwe. Wafanyakazi walipoionja waligundua kwamba mti umeipa vanila na ulaini, na mwaka 2003 bia ya Innis & Gunn ikaingia sokoni.

Wateja wakubwa wa bia nzito za Kiskoti walikuwa Wabelgiji, hao hao walioingia Kigali mwaka 1916. Rwanda, hata hivyo, haikuletewa bia hiyo nzito. Kilichokuja ni kiwanda cha Bralirwa, kilichoanzishwa Gisenyi mwaka 1957, na Primus yake nyepesi ya kunywewa baridi. Tangu 1963 kiwanda hicho kilichemshia maji kwa gesi ya methani kutoka Ziwa Kivu, ubunifu ambao Mnyarwanda yeyote anaweza kujivunia. Ila urwagwa ulisukumwa pembeni, ukahesabiwa kuwa kinywaji cha wasio na fedha, na umuvure ukaanza kuachia nafasi madumu ya plastiki.

Hukumu hiyo naikataa. Bia ya Traquair inauzwa ghali kwa sababu kuna watu waliovitunza vyombo vyao vya mti na kuandika walichokifanya. Naamini inkangaza ina kileo cha kutosha kuvumilia miezi ndani ya mti, si siku chache tu. Kwenye vilima vya kuelekea mto Nyabarongo migomba bado ipo, na wafugaji wa nyuki wapo. Namngoja mpishi wa kwanza wa Kigali atakayeilaza inkangaza katika pipa mwaka mzima, akaandika mwaka huo kwenye chupa.