Afisa Elimu wa Wilaya: Kiongozi au Tarishi?

Shule za kata ya Magole husimamiwa na Afisa Elimu akaaye mjini Kilosa. Cheo hicho tumekizoea, lakini kazi yake imebadilika mara nyingi, na katika mabadiliko hayo tunaona historia ya uongozi wa taifa letu.

Enzi ya Waingereza, shule ziligawanywa kwa rangi, na nyingi za Waafrika zilikuwa mikononi mwa misheni. Mkubwa wa elimu alikuwa mkaguzi: alifika, akaandika taarifa, akaondoka. Mzazi alikuwa na neno dogo sana.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule za madhehebu chini ya Serikali. Mwaka 1972 ukaja utaratibu wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zikavunjwa, na Afisa Elimu akawa chini ya Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya. Kisha Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo Novemba 1977. Majalada hayakutosha tena. Ilibidi wananchi wahimizwe kujenga madarasa, na vijana waliomaliza darasa la saba wafunzwe ualimu humo humo vijijini. Watoto waliandikishwa kwa wingi, ila vitabu na walimu waliohitimu havikulingana na wingi huo.

Mwaka 1984 halmashauri zilirudishwa. Tangu hapo Afisa Elimu anatazama pande mbili: sera hutoka Wizarani, naye huwajibika kwa halmashauri yake. Mpango wa MMEM, ulioanza mwaka 2002, uliongeza upande wa tatu kwa kuzipa kamati za shule fedha na sauti.

Hatuna budi kujiuliza: je, madaraka yakisogezwa karibu na wananchi, nyenzo nazo husogea? Mafuriko ya Januari 2014 yalipoikumba Magole, lililohitajika halikuwa waraka, bali mtu mwenye uwezo wa kuamua na kutenda. Madaraka yasiyo na nyenzo humgeuza kiongozi kuwa tarishi: hupeleka amri chini na kurudisha lawama juu. Cheo ni dhamana. Lakini aliyekabidhiwa dhamana sharti akabidhiwe na jembe la kuilimia.