Bedlam: Hospitali Iliyogeuzwa Jina la Vurugu

Mwalimu wa Kiingereza akiingia darasani akakuta madaftari yanarushwa, viti vimepinduliwa na kila mtoto anapiga kelele, atasema pale pana "bedlam". Kamusi zinalieleza neno hilo kuwa ni vurugu kubwa, hali ya mambo kuchanganyika hata kichwa na mguu visijulikane. Chimbuko lake, hata hivyo, ni hospitali.

Mwaka 1247 Simon FitzMary wa London alitoa ardhi yake eneo la Bishopsgate ili ijengwe nyumba ya watawa kwa heshima ya Mtakatifu Maria wa Bethlehemu. Kufikia 1403 nyumba hiyo ilikuwa ikiwatunza wanaume 6 wenye maradhi ya akili. Midomoni mwa watu jina likafupishwa, likawa Bethlem, kisha Bedlam. Baadaye hata mgonjwa mwenyewe akaitwa hivyo. Katika tamthilia ya Shakespeare, King Lear, Edgar anapojificha hujifanya mwendawazimu, Tom wa Bedlam. Karne ya 17 neno likatoka hospitalini moja kwa moja, likawa la ghasia za aina yoyote.

Mwaka 1676 hospitali ilihamia Moorfields, katika jengo la fahari lililosanifiwa na Robert Hooke. Juu ya lango zililazwa sanamu mbili za mawe: mtu aliyezama katika huzuni, na mwingine aliyefungwa minyororo. Watu wa mji walipita chini yake kwenda kuwatazama wagonjwa kama tamasha, hadi ziara hizo zilipowekewa masharti mwaka 1770.

Mwaka 1814 wakaguzi walimkuta humo mgonjwa aitwaye James Norris. Shingoni alivishwa pete ya chuma iliyounganishwa na nguzo kwa mnyororo mfupi, na mikono yake ilibanwa ubavuni kwa vyuma. Alikuwa amekaa hivyo kwa miaka mingi. Walipozungumza naye aliwajibu vizuri, na alipenda kusoma vitabu na magazeti. Mwaka uliofuata kamati ya Bunge ilichunguza hali ya nyumba za wagonjwa wa akili, na aibu ya Bedlam ikaanikwa hadharani.

Hospitali hiyo ipo hadi leo. Tangu 1930 iko Beckenham, kusini mwa London, na inatibu watu. Imebadilika, lakini jina lake bado linatumiwa kutaja fujo.

Nasi tusijione wasafi. Tanzania, mtu akifanya jambo lisiloeleweka huambiwa apelekwe Mirembe. Kenya, huambiwa ni wa Mathari. Hizo ni hospitali. Humo wamo mama zetu, kaka zetu na jirani zetu wanaotafuta nafuu, na wengine wanachelewa kwenda kwa kuogopa jina tu. Mgonjwa wa malaria hachekwi kwa kulazwa. Wa akili naye asichekwe.