Mashavu Kwanza, Shamsa Baadaye

Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Mzee, nimekuuliza jina la mtoto."

"Ndilo hilo. Mashavu."

"Jina la skuli, mzee wangu."

Ilikuwa Januari 1965, na foleni ilizunguka uwanja mzima. Miezi michache nyuma, tarehe 23 Septemba 1964, Mzee Karume, Rais wa Zanzibar, alikuwa ametangaza elimu bure Unguja na Pemba, na kila babu wa mtaa wetu wa Ng'ambo aliyekuwa na mjukuu anayeweza kusimama alimshika mkono akamleta. Meza ilikuwa moja, chini ya mwembe, na juu yake daftari jekundu na kidau cha wino. Nyuma yetu mtu alisema anaitwa Kibwana, mwingine Nunu, mwingine Popo. Mwalimu yule alikuwa kijana, na nadhani siku ile ndipo alipojua kuwa nusu ya watoto wa mji huu hawakuwa na jina la kuandikwa.

Mimi nilikuwa nalo, lakini lilikuwa na matatizo yake. Siku ya saba, kwenye hakika, nilipewa Fatma, jina la bibi mzaa baba. Tatizo la kwanza ni mama. Mke hamtaji mkwe wake kwa jina, na mtoto aliyepewa jina la mkwe anamrithi na adabu yake. Mama angeniitaje kutoka jikoni? Ndiyo maana nyumba za pwani zimejaa watoto wadogo wanaoitwa Babu, Bibi, Bwana na Mkubwa: nyuma ya kila mmoja kuna mama anayekwepa jina la mkwe. Tatizo la pili, binti wa ami alishaitwa Fatma, na wa shangazi pia. Jina likiitwa uani walitoka watu watatu, mmoja wao na mkongojo.

Mashavu lilitoka kwa mkunga. Alinipokea, akanifuta, akaniinua kwenye mwanga wa kandili akauliza, "Haya mashavu au maandazi?" Basi likakaa hapo miaka saba bila ya mtu kuliuliza swali. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, niliitwa Mashavu. Duka la Mhindi, Mashavu.

Usiku wa kuamkia siku ile ya foleni, babu na bibi walikaa barazani wakitafuta. Nilikuwa nimelala, au walidhani nimelala. Babu alikuwa na hoja moja tu na hakuiacha: mtoto akiitwa kwa jina asilolijua hataitika, na asipoitika ataambiwa mjinga. Kwa hiyo jina lazima liwe na sauti ya lile la kwanza ndani yake. Bibi akaanza na Sharifa. Babu akasema sisi si masharifu, watu watatuuliza nasaba. Shani? Huyo alikuwa jirani ambaye bibi hasemi naye kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Wakanyamaza. Kisha babu akauliza, "Chuoni amefika wapi?" Bibi akamjibu kuwa nimefika Wash-shamsi, maana watoto wa chuo huihifadhi juzuu ya Amma kutoka mwisho kuja juu.

"Basi Shamsa. Lina sha, lina m, na ameshalihifadhi mwenyewe."

Kwa hiyo babu alipomjibu mwalimu "Mashavu" chini ya mwembe, hakuwa amesahau. Alikuwa anataka kwanza liandikwe lile. Mwalimu alipokataa ndipo akatoa la pili, taratibu, kama mtu anayelipa deni. Wiki iliyofuata, darasani, mwalimu alisoma orodha. Nilisikia "Sha" nikasimama kabla neno halijaisha.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu watu wengi hudhani kinyume. Wanadhani jina kubwa hutangulia na la utotoni hukatwa kutoka humo, kama Dula kutoka Abdallah, Rama kutoka Ramadhani, Sele kutoka Suleiman, au Mwanatumu, ambaye ni Fatuma aliyevishwa "mwana" na kukatwa kichwa. Njia hiyo ipo na ni ya zamani. Lakini kuna nyingine, ya nyuma kwenda mbele, na ndiyo iliyofanya kazi nyumbani kwetu: kwanza mtoto anaitwa, halafu anatafutiwa jina linalofanana na anavyoitwa.

Nilisomesha darasa la kwanza miaka 38, na madaftari yangu yalijaa ndoa za namna hiyo. Nunu aliandikwa Munira. Bobo akawa Abubakar, na sijaona hesabu nzuri kuliko hiyo. Titi akawa Latifa. Wazee waliofanya kazi hii hawakuwa na kitabu cha majina, walikuwa na sikio na Kurani. Popo mmoja, si yule wa foleni, ndiye aliyenishinda. Alizaliwa usiku umeme umezimika, akaitwa hivyo, na baba yake, mtu wa haraka, akamwandikisha Yusuf, jina lisilogusana na Popo hata kwa herufi moja. Muhula mzima nilimwita Yusuf akanitazama tu. Nilishafikia kuwaambia wazazi wampeleke akapimwe masikio. Siku moja bibi yake alipita nje ya darasa na sinia la mikate ya ufuta kichwani, akaita "Popo!" kwa sauti ya chini kabisa, na mtoto akaruka dirishani.

Uvivu haukuwa sababu ya jina kubwa kukawia. Mtoto mchanga zamani alikuwa mgeni ambaye hujui kama atakaa. Kulikuwa na siku ya saba na kulikuwa na arubaini, na katikati yake ndani ya chumba cha mzazi palikuwa na wanawake peke yao: mkunga, bibi, mama wakubwa. Jina la ukubwani ni haki ya upande wa baba. La utotoni ni la hao waliokesha. Watu wa kuumeni wakijadiliana barazani, chumbani mtoto tayari anaitwa kitu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin, alipoandika desturi za Waswahili katika kitabu kilichochapwa 1903, alianza na uzazi kabla ya mengine yote. Nilipokisoma chuo cha ualimu nilifurahi kuona mwanamume aliyeona kuwa mambo yanaanzia chumbani humo.

Lakini si kila jina la utotoni lilitafutiwa mwenzake. Bibi yangu, yule Fatma mwenye mkongojo, alizaliwa baada ya ndugu watatu kufa wakiwa wachanga. Wakamwita Kijakazi. Hakuwa mjakazi wa mtu. Lilikuwa jina la kumficha: kifo na jicho la hasidi vikipita mlangoni vione hapa hapana kitu cha maana. Kuna Sikitu pia, jina zuri sana ukilisikia haraka, mpaka ulikate vipande viwili. Majina haya hayakulinganishwa na lolote. Baba yake bibi alipoona amefika umri wa kucheza mbali na mlango, alimpa Fatma, jina lililo mbali na Kijakazi kadiri alivyoweza kulitupa. Ndipo nilipoelewa kanuni ya babu. Jina la mapenzi hutafutiwa linalofanana nalo. Jina la ngao huachwa nyuma, lisikufuate.

Kwa mtazamaji wa nje, jina la ngao na jina la dhiki ya kweli hayatofautiki. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, utotoni aliitwa Mtumwa, wakati utumwa Unguja ulikuwa ungali halali kisheria. Haukufutwa mpaka 1897. Alikuja mjini 1911, akajifunza kuimba, na watu wa mjini ndio waliomvika Siti, yaani bibi wa heshima. Mwaka 1928 alipokwenda Bombay kurikodi santuri, Mtumwa hakuwamo safarini. Shaaban Robert aliyeandika wasifu wake hakulificha jina lile la kwanza, na amefanya vizuri, kwa kuwa umbali kati ya majina mawili hayo ni nusu ya habari ya mwanamke yule.

Bi Kidude, naye mwimbaji, aliivunja kanuni hiyo ya babu kabisa. Alizaliwa mdogo mno, mjomba wake akamwita kidude. Baadaye akapewa Fatma, kama nusu ya wanawake wa kisiwa hiki, na Fatma binti Baraka likabaki kwenye pasi ya kusafiria. Jukwaani, kwenye santuri, kwenye tuzo ya muziki ya WOMEX ya mwaka 2005, kwenye vinywa vya watoto mitaani, ni Kidude. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 nilikuwa darasani, na hakuna mtoto aliyeniuliza kidude ni nini.

Kwa vifo ndipo mtu hujua lipi lilikuwa jina lake. Bibi alipokufa tuliharakisha tangazo redioni, na aliyeandika karatasi, mume wa shangazi, aliandika kama mtu wa ofisini: Fatma binti fulani, mazishi saa kumi. Mjini walikuja. Makunduchi, alikozaliwa, hakuja mtu. Walisikia tangazo, wote, wakasema maskini, Mungu amrehemu huyo Fatma, wakaendelea kuanua dagaa. Walikuja siku ya tatu kwenye hitma, gari nzima, wamenuna. Mzee mmoja akamwambia baba mbele ya watu, "Mmemzika Kijakazi kama mgeni." Miaka 70 na kitu alikuwa amelikimbia jina lile, na huko kwao halikuwa limesogea hata hatua moja. Tangu hapo familia yetu ikipeleka tangazo huandika yote mawili, na la utotoni huenda mbele.

Majina haya huvuka hata bahari: mdogo wangu anaishi Muscat. Huko watu wa nyumba yake wana majina marefu, ya baba na ya babu na ya kabila mwishoni, yameandikwa kwa Kiarabu safi kwenye kadi zao. Ukiingia ndani, ukishavua viatu, unasikia Bobo, Tumu na Kibibi.

Mwaka juzi binti yangu alikuwa mjamzito, na miezi yote ile hakutaka kula chochote ila kunazi. Mtoto akaitwa Kunazi akiwa bado tumboni. Siku hizi lakini hakuna arubaini ya kungojea: mtoto anazaliwa asubuhi, jioni kuna fomu. Akanipigia simu kutoka wodini, "Mama, wanataka jina, na upande wa kina baba wanasema Zuwena." Sina ugomvi na Zuwena. Nilimwambia tu atamke yote mawili, Kunazi halafu Zuwena, aone kama mtoto atageuka. Nikakata simu nikatembea ua mzima nikisema kunazi, kunazi, nazi. Nikampigia tena. Naziha.

Nilimwachia yeye aende nalo kwa baba mkwe wake, kwa kuwa haki ni yao na mimi ni bibi mzaa mama tu, mtu wa chumbani. Mzee yule alinyamaza kidogo kwenye simu, nilivyoambiwa, kisha akauliza, "Huyo tunayemwita Kunazi?" Akakubali, kwa sharti hakika ichinjwe kwake. Siku ya saba tulikwenda Bwejuu tukiwa watu kumi na wawili ndani ya gari ya watu saba. Mbuzi alikuwa mmoja, kwa kuwa ni mtoto wa kike. Shekhe akamwinamia, akauliza jina, na mzee, ambaye alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima, akasema kwa sauti kubwa, "Kunazi."