Kuvu Inavyodhoofisha Kuta za Magofu ya Kunduchi

Magofu ya Kunduchi, wilayani Kinondoni mkoani Dar es Salaam, yana mabaki ya msikiti wa kale na makaburi ya karne ya 18, ambayo baadhi yake yalipambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na hapo ndipo ulipo udhaifu wake.

Madoa meusi na ya kijivu katika kuta za namna hii mara nyingi si uchafu wala masizi. Ni kuvu, pengine ikiishi pamoja na mwani katika umbo la likeni. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, hupenya katika vitundu vya jiwe zikifuata unyevu. Utando huo hutanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, ukilegeza chembe za jiwe. Aidha, kuvu hutoa asidi, ikiwemo ya oksaliki, inayoyeyusha kalsiamu kaboneti. Matumbawe na chokaa, vyote viwili, ni madini hayo hayo.

Kusugua madoa kwa brashi ya waya huonekana kuwa usafi, kumbe hubandua uso wa jiwe na kuacha nyuzi za ndani zikiwa hai. Lipu ya saruji ni hatari zaidi, kwa kuwa hufungia unyevu ukutani, ilhali chokaa huuachia utoke. Kupunguza matawi yanayotia kivuli na kuelekeza maji ya mvua mbali na misingi huinyima kuvu maji inayoyahitaji.

Majengo ya kabla ya mwaka 1863 yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na hayaruhusiwi kubadilishwa bila kibali.